Nilimwandika Dereva Kuwa Kocha

Wadogo zangu wa timu ya wasichana, mliponitumia ujumbe kwamba jarida la chuo linataka "kumbukumbu za mstaafu", nilikwenda kwanza kwenye kioo. Nina miaka thelathini na minne. Mvi ninayo moja, na hata hiyo nashuku ni uzi wa jezi. Lakini mkataba umeisha, funguo za stoo nimerudisha, na hapa Runzewe watoto wa jirani wameanza kuniamkia ile shikamoo ndefu ya kupewa wazee. Basi marahaba, nakubali. Sogeeni niwasimulie.

Humu msitafute shujaa. Tangu niko msichana niliota nitakuwa kocha wa kombaini ya kanda, ile timu ya wachezaji bora wanaochaguliwa kutoka timu zote. Nilijiona nimevaa suti ya michezo ambayo zipu yake inafanya kazi, nimesimama pembeni mwa uwanja nimekunja mikono, watu wanaulizana, "Yule mama ni nani?" Siku ndoto hiyo ilipopiga hodi, nilimtuma dereva akafungue mlango. Nitafika huko.

Kazi yenyewe niliomba ya kocha msaidizi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama aliyaita "ya kutosha" ili asilie, ila mpira niliujua. Kwenye usaili nikakuta wanaume wanne na jagi la maji. Nikawaeleza ninavyofundisha kukaba. Kwetu tulizaliwa wasichana watano mfululizo, kwa hiyo ng'ombe walichungwa na wasichana, kijiji kipende kisipende, na ng'ombe ndiye aliyenifundisha ulinzi. Ng'ombe akielekea shamba la mtu, humkimbizii mkia. Utachoka wewe na mahindi yataliwa. Unatazama pengo analolilenga, unawahi kusimama hapo, naye anageuka mwenyewe kama vile wazo lilikuwa lake. Mabeki wangu, shikeni hilo. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijapata somo jingine lililolishinda.

Wale wazee walinisikiliza vizuri kabisa. Kisha mmoja akauliza, "Kufua unajua?"

"Najua, mzee."

"Na kushona?"

"Najua."

Nikatoka na barua: mtunza stoo ya michezo, na matroni wa timu ya wasichana. Mnadhani nilikataa? Nilipiga goti kushukuru mpaka likagusa sakafu. Na kuhusu kufua, niliwadanganya. Mwezi wa kwanza tu niliroweka jezi nyekundu pamoja na nyeupe, timu ya wavulana ikacheza nusu msimu na rangi ya waridi. Walishinda mechi tatu. Hakuna aliyenipa asante.

Matroni, kwa asiyejua, ndiye mwanamke anayesafiri na timu ya wasichana. Hawaondoki bila yeye. Sheria hiyo msiitukane, inawalinda. Shida ni kwamba chuo chetu kiliisoma kama karatasi ya dawa: mwanamke mmoja kwa kila safari, asizidi. Kocha ni mwanamume, msaidizi wake mwanamume, katibu wa michezo mwanamume, dereva mwanamume. Matroni anabeba barafu, sabuni, taulo za kike, na siri za watu. Kazi ya heshima kubwa, ila mpira ukianza unatakiwa ukae kimya karibu na ndoo.

Kocha wetu wa miaka ile, Mwalimu Lubango, alikuwa mtu mwema sana. Alifundisha jiografia, na uwanja aliutazama kama anavyotazama ramani, kwa utulivu, bila kutegemea kitu chochote kisogee. Nikimwambia, "Mwalimu, winga wao wa kulia anatupita kila mara," ananijibu kwa upole, "Matroni, barafu ipo ya kutosha?"

Ipo, mwalimu.

Basi nikatafuta njia. Kanuni zilimruhusu mwenye begi la huduma ya kwanza kuingia uwanjani pale tu mchezaji anapoanguka. Nikajiambia, kama naruhusiwa kuingia kwa walioanguka tu, wacha waanguke. Nilikuwa na kiungo wangu, Nyamizi, binti wa Ushirombo, anajua kuigiza kuliko anavyojua kupiga kona. Tukakubaliana: nikihamisha begi kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, anadondoka. Nakimbia na maji, nampulizia goti zima lisilo na tatizo, huku nanong'ona, "Mwambie Holo asitoke golini. Wewe acha kumfuata yule namba kumi, simama pengoni." Anainuka, anachechemea hatua tatu za adabu, habari zinafika kwa wenzake.

Ilifanya kazi mpaka mwamuzi mmoja wa Kahama akanivuta pembeni. "Matroni, huyu binti mnampa chakula kweli?"

"Tunampa, mzee. Ana mifupa myepesi."

Nikajiona mjanja wa dunia. Na mjanja wa dunia huwa hachelewi kuumbuka. Siku moja Nyamizi alianguka bila ishara yoyote. Mimi, badala ya kushtuka, nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto amekua, sasa anafikiri kabla yangu. Nikakimbia natabasamu, nikapiga goti, nikaanza, "Safi. Sikiliza, beki wao wa kushoto amechoka, ameshika kiuno, mwambie Holo apige mipira mirefu upande ule..."

"Matroni."

"...mirefu, isipite katikati..."

"Matroni, mguu siusikii."

Nikatazama. Kifundo kilikuwa kimeelekea upande ambao yeye hakuelekea. Na mimi nilikuwa nimeshamaliza mbinu mbili na kuanza ya tatu.

Msimu ule mzima nilimfulia Nyamizi nguo zake zote, na safari hii nilitenganisha rangi. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililokuwa adhabu. Toka siku hiyo sikumwangusha mtu tena. Vijana, mtu akianguka, kwanza uliza anaumia wapi. Hata kama fainali inaisha. Hata kama una wazo zuri kuliko yote ya maisha yako.

Wakati huohuo nilikwenda kusoma kozi ya awali ya ukocha. Ruhusa ya kozi nilijua sitapewa, nikaomba ya msiba. Nikamzika shangazi yangu ambaye mpaka leo anauza dagaa hapa sokoni, mzima, na sauti yake inafika stendi. Cheti nikakipata, nikakikunja, nikakiweka kwenye begi la huduma ya kwanza chini ya bandeji.

Sasa tuje kwenye lile lenyewe.

Mwalimu Lubango alihamishwa wiki tatu kabla ya mashindano ya vyuo. Mazoezi nikayaendesha mimi, maana hakukuwa na mwingine, na hakuna aliyeuliza. Walidhani tunajinyoosha viungo. Mkuu wa chuo akaniita. "Matroni, peleka timu Isaka. Kocha nitamtuma nyuma yenu." Kocha hakuja. Tukafika uwanjani, kule karibu na yanapoegeshwa malori ya mizigo, vumbi jekundu limetuvaa mpaka kope, tupo wasichana kumi na nane, mimi, na dereva wetu, Baba Kulwa. Jina lake la kitambulisho ni Masanja, lakini baba wa mapacha haitwi jina lake.

Kamisaa, yule mzee msimamizi wa mashindano, akanipa fomu ya benchi. Mstari wa juu: Kocha Mkuu. Mstari wa pili: Matroni. Akasoma masharti kwa sauti. Mtu mmoja hajazi mistari miwili. Timu isiyo na matroni haichezi. Timu itakayodanganya kwenye fomu, ushindi wake unafutwa.

Nikashika kalamu. Cheti kipo begani kwangu. Mwanamke niko peke yangu. Nikijiandika juu, chini panabaki wazi na wasichana wangu wanarudi nyumbani bila kugusa mpira. Ndivyo nilivyojieleza. Pale getini, hatua ishirini, alikuwepo mama wa uji, mtu mzima, mwenye huruma, ambaye kwa siku tatu zile aliwapa wanangu uji wa bure na kuwafunga vilemba. Ningemwomba awe matroni angekubali kabla sijamaliza sentensi. Halikunijia. Nilitazama huku na huku kama anayetafuta mwenye pikipiki, macho yangu yakaishia kwenye basi.

Nikaandika: Masanja.

"Shikamoo, Baba Kulwa," nikamwambia.

"Marahaba, mayu," akaniitikia; mayu kwa Kisukuma ni mama. "Mbona shikamoo ya pili leo?"

"Wewe ndiye kocha."

Akacheka. Kisha akaona sicheki. "Mayu, mimi nimekuja kupaki gari."

"Utakaa tu. Mimi nitakaa nyuma yako na ndoo. Nikikunong'oneza, wewe paza sauti."

"Nipaze nikisema nini? Mpira mimi natazamaga tu wakati wa kungoja abiria."

Lakini mngemwona! Kitambi cha heshima, kofia, miwani ya jua, mikono nyuma. Kocha mtupu. Mechi ya kwanza nikamnong'oneza, "Mwambie Nyamizi asipande sana." Yeye akasimama, akanguruma, "Nyamizi! Gia ya kwanza!" Nyamizi akashuka. Nikasema, "Mabeki watazame nyuma yao." Akapaza, "Vioo! Tazameni vioo!" Winga wetu akiwa na haraka, alimwambia, "Kona hiyo, usiovateki!" Na hilo la mwisho alilisema bila kuambiwa, na lilikuwa sahihi.

Watu wa Isaka ni watu wa malori. Walimwelewa kuliko walivyowahi kumwelewa kocha yeyote. Nikasikia mtu nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Huyu ni fundi. Anafundisha kwa mafumbo."

"Amesomea nje huyo."

Mimi niko hapo na ndoo yangu, nacheka mpaka maji yanamwagika. Nilicheka kweli. Ndiyo maana sikuona jambo linapoelekea, mimi mwalimu wa mapengo.

Jambo lilielekea hivi. Kila asubuhi kulikuwa na kikao cha makocha. Matroni haruhusiwi, kwa hiyo aliingia Baba Kulwa. Akitoka namuuliza, "Wamesema nini?" Ananijibu, "Wametukaribisha, tukapewa chai." Asubuhi ya pili, hivyohivyo, chai. Kumbe katika kikao hicho cha pili ilitangazwa kwamba kocha wa timu itakayotwaa kombe ndiye atakayekabidhiwa kombaini ya kanda, aende nayo mashindano ya taifa. Yeye hakuona kama ni habari. Kwake kombaini ni mashine ya kuvunia.

Fainali tulikuwa tunaongoza bao moja. Dakika za mwisho tukatoa penalti. Holo, kipa wetu, binti wa mchimbaji mdogo kule karibu na Bulyanhulu, mrefu, mkimya, hakuniangalia mimi wala kocha. Mpira ukapigwa kwa nguvu, katikati. Ukamgonga usoni, ukaruka juu ya mwamba, filimbi ikalia. Wenzake walipomrukia alikuwa anacheka na damu mdomoni. Mdomo wa juu umepasuka. Safari hii niliuliza kwanza anaumia wapi. Akasema, "Hapa," akaonyesha moyo, halafu akakaa chini akalia.

Nikiwa namshikia barafu ndipo nikasikia spika: "Na kocha wa kombaini yetu ya kanda mwaka huu, kwa ushindi huu mkubwa, ni Kocha Masanja!"

Barafu ikanitoka mkononi.

Baba Kulwa alinifuata mbiombio, miwani ameshika mkononi. "Mayu, wananipeleka taifa. Mimi hata hiyo ofsaidi mpaka leo sijaiona. Twende ukawaambie."

Tukaenda mezani kwa kamisaa. Baba Kulwa, mtu mkweli kuliko mimi, akaanza mwenyewe. "Mzee, samahani. Mimi ni dereva wa basi la chuo."

Kamisaa akacheka mpaka akapiga meza. "Nawapenda makocha wanyenyekevu! Sote ni madereva, ndugu yangu, tunaendesha vijana."

"Si hivyo, mzee. Dereva. Wa gari."

Ndipo mzee yule akanigeukia. Alikuwa bado anatabasamu, lakini fomu ilikuwa mbele yake, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari ule. "Matroni, wewe ndiye uliyeleta karatasi hii. Huyu ni nani?"

Wadogo zangu, swali lilikuwa hilo tu. Begi liko begani, cheti kiko ndani ya begi. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili. Lakini nilijua maneno hayo yanafuta nini. Nikageuka. Holo alikuwa amekaa kwenye majani, kitambaa mdomoni, kombe amelipakata kama aliyeambiwa ashike kidogo mtoto wa mtu. Anajaribu kutabasamu na mdomo unamkatalia.

"Ni kocha wetu," nikasema. "Ana utani sana."

Baba Kulwa alinitazama. Hajawahi kunitazama vile tena, na sitaki.

Hata umatroni wa kombaini sikupata. Walichukua wa chuo kingine. Baba Kulwa alikaa kambini wiki mbili akinipigia simu saa za chakula, amejificha nyuma ya basi. "Mayu, wanataka tucheze tatu, tano, mbili. Hizo ni nini?" Nikamwambia hao ni watu, Baba Kulwa, watatu waweke nyuma. Anaandika kiganjani. Kombaini haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Aliporudi aliniletea kitenge, akasema, "Hiki ni chako. Na ile kazi pia ilikuwa yako." Mimi nikasifia kitenge.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimwendea mkuu wa chuo na cheti changu, nikamweleza yote, pamoja na ule msiba wa shangazi. Alisoma cheti pande zote mbili, ingawa nyuma hakikuwa na kitu. Kisha akatazama kabati la kioo, kombe likiwa ndani linang'aa. Akasema, "Kabula, tusiharibu. Wewe endelea kufundisha kama ulivyokuwa unafundisha. Masanja aendelee kukaa." Na mimi, mnakisia nilijibu nini? Nilisema, "Sawa, mkuu." Nikaongeza na asante. Miaka miwili nimefundisha kwa jina la dereva, na dereva amekuwa akiamkiwa "kocha" sokoni mpaka akabadilisha njia ya kwenda sokoni. Mkataba ulipoisha sikuomba mwingine. Ndio ustaafu wenyewe mnaouadhimisha.

Nimejiuliza mara nyingi kama pale mezani ilikuwa huruma au woga. Nikiwa na siku nzuri nasema huruma, kwa ajili ya mdomo wa Holo. Nikiwa mkweli nakumbuka kwamba kalamu niliishika siku tatu kabla, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amepasuka mdomo. Wale wanaume wanne wa jagi la maji walininyima kazi mara moja. Mara ya pili nilijinyima mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo ninyi mnaoingia, naomba haya mawili. Safari ikipangwa, msikubali kupanda basi mkiwa na mwanamke mmoja. Daini wa pili kabla ya kudai jezi. Na fomu ikija, msianze kujaza kabla ya kuisoma yote na kutazama walio karibu nanyi, mpaka getini.

Na nasema hapa, kwenye jarida ambalo mkuu atalisoma, na kamisaa pengine atafikishiwa: katika mashindano yale ya Isaka, kocha wa timu ya wasichana nilikuwa mimi, Kabula. Fomu niliidanganya mimi. Wakiamua kombe liondoke kabatini, sitapinga. Hapa Runzewe nina wasichana kumi na mmoja na nusu, nusu ni yule anayekuja akimaliza kuosha vyombo. Uwanja wetu hauna majani, ila mimi nikifumba macho una majani, na majukwaa, na ubao wa matokeo. Kocha mkuu hapa ni mimi. Matroni ni shangazi, yule marehemu.

Lakini kombe lile si langu peke yangu kulitoa. Kwa hiyo kabla ya kuandika niliwapigia simu. Baba Kulwa alisema, "Andika leo, kesho mbali." Nyamizi alisema niandike, ila nisiandike habari za mifupa myepesi, nimeshindwa kumtii. Aliyebaki ni Holo. Sasa ni mwalimu, wilaya hiihii ya Bukombe. Kwake simu niliishika muda mrefu kabla ya kubonyeza. Nikamweleza kwamba wanaweza kulichukua.

Nikasikia watoto wa darasa lake wanaimba kwa nyuma.

"Andika," akasema. "Ila na mimi uniandike vizuri. Andika ile penalti niliidaka kwa mikono."

"Holo, mwanangu, karatasi moja ya uongo inanitosha. Ulidaka kwa uso."

Alicheka sana. "Haya, andika uso. Lakini haikuingia."

Haikuingia.